Nyuki Waliokaa Puani mwa Mtawa

Lamduan alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na kwa bahati mbaya alizaliwa kwetu. Katika bonde letu la Nan mdudu ni kitoweo. Tunakula mayai ya wale sisimizi wekundu wa mitini waitwao maji moto, funza wa mianzi waliokaangwa kwa chumvi, watoto wa nyigu, na yule mdudu mkubwa wa majini anayetwangwa na pilipili mpaka jikoni kote kunanukia. Lamduan hakuweza hata kutazama. Katika harusi ya dada yake, shangazi yake alimbana pua akamtia kinywani kijiko cha mayai ya maji moto ili akome kuiaibisha familia. Akatapika juu ya mkeka walipoketi wakwe. Bwana harusi mwenyewe alilowa miguu.

Alipoolewa alimpata Kham, mwanamume mpole aliyependa wadudu kuliko nyama. Mimi nilikaa nyumba ya pili kutoka kwao, na Kham alikuwa akija kuwala kwangu. Akishiba husukutua kinywa kwa chai, huchunguza meno yake kwenye kioo changu, ndipo anarudi kwa mkewe.

"Kuna mguu umebaki?" huniuliza huku ametanua midomo.

"Kuna mguu na bawa. Leo utalala nje."

Wakaishi hivyo miaka mingi kwa amani. Nyumba yao haikuwa na chungu kisicho na kifuniko. Lamduan akiona kidoa cheusi kwenye wali huumwaga wote, hata kama ni ufuta. Kham alipofariki kwa maradhi ya figo, mikono ya Lamduan ilikosa kazi. Akaanza kwenda hekaluni kufagia, na kwa kuwa hakuna aliyefagia kama yeye, wanawake wakamwachia kazi yote.

Kwenye baraza ya ukumbi wa hekalu kulikuwa na sanamu ya Baba Mtawa Inta, aliyekuwa mkuu wa hekalu letu kabla ya huyu wa sasa. Fundi wa mjini aliijenga kwa saruji, ndani tupu, miguu imekunjwa, macho yanatazama miti ya matunda ya longani uani. Mgongoni fundi aliacha kidirisha chenye mlango wa ubao. Tulimpenda sana yule mzee. Kila apitaye humwekea ua.

Asubuhi moja ya kiangazi Lamduan alikuta kitu kimetoka kwenye tundu la kushoto la pua ya sanamu. Kilikuwa kimrija cha rangi ya kahawia, urefu wa kidole, laini na chenye kunata, ncha yake imetanuka kama mdomo wa tarumbeta. Kilining'inia juu ya mdomo wa mtawa kama makamasi ya mtoto. Na pembezoni mwake walitambaa vijidudu vyeusi vidogo kuliko punje ya mchele.

Akaja mbio kwangu, uso umempauka. "Njoo uone. Nzi wamezaa puani mwa Baba Mtawa."

Nikaenda, nikaona, na nikiri ilikuwa karaha kweli. Pranom muuza mboga alikuwa amefika kabla yetu, amejishika kiuno anacheka.

"Mwacheni mzee wa watu," alisema. "Hata alipokuwa hai mafua hayakumwisha."

Lamduan hakucheka. Alifunga pua na kinywa kwa kitambaa, akachukua kijiko, akakikwangua kile kimrija. Kilimnata vidoleni, kikavutika kama ute. Alisugua mikono kwa jivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa ndimu, na mchana ule hakula. Baada ya siku chache kimrija kilikuwa kimerudi. Akakwangua tena, nacho kikarudi tena.

Aliyemweleza ni mzee Bunpan, mrina asali wa msituni, ambaye meno yaliyombakia yalikuwa machache na maneno mengi. Alimkuta juu ya ngazi na kijiko chake.

"Unawaonea bure, mdogo wangu. Hao si nzi."

"Si nzi ni nini, kaka Bunpan? Binamu zako?"

"Nzi ana mabawa mawili. Hao wana manne, ila wameyalaza moja juu ya jingine. Sasa mtazame mguu wa nyuma. Amebeba nini?"

"Uchafu."

"Unga wa maua."

"Uchafu wa maua, basi."

"Ni nyuki, dada. Nyuki wadogo wasiouma. Wamekuwepo bonde hili kabla ya babu zetu. Hicho kimrija ni mlango wao, utomvu wa miti na nta, wanachanganya kwa midomo."

Lamduan aliposikia "kwa midomo" aliteremka ngazi akatema mate nje ya baraza.

Lakini kuanzia siku ile akaanza kuwatazama, na hilo ndilo lililonishangaza. Mtu mwenye kinyaa hutazama kuliko mwenye mapenzi. Mimi nimekula wadudu maisha yangu yote na sikuwahi kuhesabu mabawa ya hata mmoja. Yeye alisimama na ufagio, uso kaukunja, akachungulia ile pua. Akaona kwamba kuna walinzi wanaokaa mdomoni mwa kimrija, vichwa nje, na nzi akikaribia wanamrukia na kumbandika utomvu. Akaona kwamba jioni hufunga mlango kwa pazia la nta lenye vitundu. Alinisimulia mambo hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia ugonjwa wa ngozi.

Kilichomkera kupita vyote ni jasho. Wakati wa joto akifagia, wale nyuki humfuata, wakatua shingoni, kwenye nyusi, na kwenye pembe za macho, wakanywa. Siku moja alikuwa amemkumbuka Kham akalia kidogo, akidhani yuko peke yake. Nilimkuta ameganda, mikono imetanuka, nyuki watatu wamejipanga kwenye ukope wake wa chini.

"Wananywa machozi yangu," alisema bila kupanua kinywa. "Nitoe hawa, nitatapika."

Niliwapangusa. Alikwenda nyuma ya ukumbi akatapika kweli.

Basi, ukishajua kumtazama mmoja, wengine nao hujitokeza. Alianza kuwatofautisha waliokuja kwenye maua ya uani. Kulikuwa na mweusi mnene anayetoboa mbao za paa na kumwaga unga wa mbao sakafuni palipokwisha kufagiwa. Kulikuwa na mmoja mwenye mistari ya buluu tumboni, anayetetemesha ua mpaka linalia, na usiku dume lake hulala limeng'ata kijiti kwa taya. Mwingine alikata majani ya waridi kwa duara safi akayapeleka kwenye tundu la ukuta. Kulikuwa pia na nzi mmoja aliyevaa rangi za nyuki, tapeli, na Lamduan alimtambua kwa macho makubwa na mabawa mawili tu. Aliniambia yote haya mkono mmoja ukiwa tumboni.

"Kama unawachukia, kwa nini unawajua?" nilimuuliza.

"Mwizi wa nyumbani kwako hutamjua sura?"

Mwaka uliofuata, kabla ya sikukuu ya kumwagiana maji, alitokea bwana Prachuap. Huyu alikuwa na kiwanda cha kukoboa mpunga mjini, na alijitolea kuipaka sanamu dhahabu yote, kichwa hadi magoti, kwa kumkumbuka mama yake. Alipofika kukagua aliona ile pua. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Hii ni nini? Nimpake dhahabu mtawa mwenye makamasi?"

Mkuu wa sasa wa hekalu, Baba Mtawa Suphot, ni mtu asiyependa kumuudhi mtu. Alisema ni viumbe wadogo, hawana madhara, lakini mfadhili akiona vingine, basi. Prachuap akaona vingine. Akaagiza wapuliziwe dawa na tundu lizibwe kwa saruji.

Wote tuligeuka kumtazama Lamduan, tukijua atafurahi. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, ufagio mkononi.

"Usifanye hivyo, bwana," alisema.

"Wewe si ndiye unayewakwangua kila wiki?" nilimuuliza.

"Nakwangua mlango. Humo ndani sijui wako wangapi. Wana watoto, wana asali. Ukiwaua watabaki humohumo. Utapaka dhahabu juu ya mzoga."

"Mama, ni vijidudu. Vitakauka."

"Panya mmoja akifia darini kwako hukauka?"

Watu walicheka, na Prachuap akacheka pia, lakini alikuwa ameshaamua. Kijana wake wa kazi alipulizia mkebe mzima wa dawa puani, akaziba kwa saruji, na mafundi wakabandika vijikaratasi vya dhahabu. Lamduan alifagia nyuki waliodondoka barazani. Waliokuwa malishoni walirudi na unga wao miguuni, wakazunguka pua iliyozibwa siku nzima, wakatua juu ya saruji mbichi, wakanasa. Alisema hajawahi kuona kitu kichafu kama kile, na nilidhani anasema nyuki. Hakuwa anasema nyuki.

Siku ya sherehe ilikuwa na joto la kuvunja mawe. Tulikuja na nguo nzuri, wali wa kunata, maua, ubani. Prachuap alipiga magoti mbele kabisa, sinia ya sadaka mikononi, sanamu iking'aa juu yake kama jua la pili. Tulianza kusikia harufu wakati wa sala. Mwanzoni nilidhani mtu kaleta samaki wa kuvundika waliopita siku zao. Ilikuwa chachu kama siki, na chini ya siki kulikuwa na nyama. Watu wakaanza kuchunguza nyayo zao.

Kisha pembeni ya pua, pale saruji ilipopasuka kwa joto, likachomoza tone jeusi. Likashuka polepole juu ya dhahabu, likafuata mdomo, likafuata kidevu, nyuma yake likaja jingine. Ilikuwa asali iliyochacha na maji ya mabuu yaliyooza. Funza weupe walikuwa wakiogelea humo, watoto wa vijinzi wanaokula mizoga. Wakadondoka kwenye sinia ya Prachuap, juu ya wali na juu ya maua, na mmoja kwenye mkono wake wa shati.

Prachuap aliweka sinia chini taratibu, akainuka, akafika kwenye ngazi, akatapika kwenye viatu vyetu vilivyopangwa pale. Watoto wakafuata, kisha wakubwa. Vikongwe wakanong'ona kwamba Baba Mtawa Inta amekasirika. Ukumbi ulibaki mtupu haraka, isipokuwa sisi wachache na Baba Mtawa Suphot, aliyeketi macho chini kama aliyefumaniwa.

Lamduan alikwishaleta ndoo. Alifungua kile kidirisha cha mgongoni, na uvundo uliotoka ulinisukuma mpaka ukutani. Alichota kwa mikono uchafu uliokuwa kifuani mwa sanamu: vyungu vya nta vidogo kama zabibu, vimepasuka, vimejaa kijivu kinachotambaa, na nyuki waliokufa wameshikana kama tope. Alichota, akageuka, akatapika kwenye ndoo ya pili, akachota tena. Mzee Bunpan alisimama karibu naye ameziba pua, yeye anayekula mabuu ya nyigu mabichi.

"Ngoja," alisema Lamduan. Mkono wake ulikuwa umezama hadi begani. "Huku chini kuna ukuta."

Wale nyuki waliponusa dawa walikuwa wamejenga ukuta wa utomvu tumboni mwa sanamu na kujifungia nyuma yake. Bunpan alichungulia kwa tochi.

"Wako hai. Kidogo, lakini wapo. Mtafute mama yao. Tumbo lake refu, limevimba kama punje ya mchele uliopikwa, hawezi kuruka. Bila yeye hakuna kitu. Na usivae kitu mkononi, utawaponda."

"Kaka Bunpan, siwezi."

"Mimi mkono wangu ni mnene, hauingii."

Nilimwona akifumba macho. Alivunja ule ukuta kwa vidole, na nyuki wakamwagika juu ya mkono wake, wakapanda shingoni, wakaingia kwenye nywele, masikioni, wakimng'ata kwa midomo midogo na kumpaka utomvu. Akatoa kipande cha sega la vitoto, duara juu ya duara, rangi ya maziwa ya chai. Juu yake alitambaa yule mama, tumbo likiburuzwa nyuma yake.

"Mbaya sana," alisema Lamduan, akimtazama kwa muda mrefu. "Hebu mwone alivyo mbaya."

Alimweka kwenye chungu cha udongo pamoja na vitoto na vyungu vya asali vilivyosalia, akakifunika, akaacha tundu. Kisha akaenda mtoni, akaoga na nguo zake zote, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Sanamu ilisafishwa, dhahabu ikatolewa kwa sababu ilishika madoa. Prachuap alituma watu kuomba radhi, mwenyewe hakurudi. Chungu Lamduan alikitundika chini ya paa la nyumba yake, mbali na mlango. Mwanzoni nyuki walikuwa dhaifu, na sisimizi waliwavamia. Alipaka kamba grisi, akakaa na kijiti akiwatoa sisimizi mmoja mmoja. Mvua zilipokwisha, chungu kilikuwa kimeota kimrija kirefu kuliko kile cha puani.

Asali yao hajawahi kuionja. Bunpan alimletea kijiko, akamwambia ni dawa ya kifua, chachu na tamu.

"Nile matapishi ya mdudu? Kula wewe, umezoea."

Sasa watu wenye mashamba ya longani humwita maua yakitoka, aje awaambie nani anatembelea na nani ametoweka. Huenda na kitambaa mdomoni. Juzi nilimsindikiza shambani kwa Pranom. Alisimama chini ya mti uliojaa maua, akanionyesha: huyu wa buluu, huyu mkata majani, huyu tapeli, hawa wa kwangu. Jasho lilikuwa linamtoka, na wale wa kwake wakamtua usoni. Alisisimka mwili mzima, nikaona vipele vya baridi mikononi mwake.

"Nikupanguse?" nilimuuliza.

"Waache wamalize," alisema. "Kuna kiu mwaka huu."