Sahani ya Jirani

Kwetu Vitongoji sahani ya watu hairudi tupu. Ukiletewa wali, ukishakula unaiosha, unatia ulichopika wewe, unafunika kawa, mtoto anairudisha. Hakuna aliyetufundisha, tumeikuta. Na mama yangu ni mshika desturi hasa, wa kuchosha.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, jirani yetu wa mlango wa pili, shoga yake mama tangu wakiwa wasichana, alituletea wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwenye sahani yake nyeupe yenye maua ya buluu. Tukafuturu, tukamwombea dua. Sahani ikaoshwa, ikawekwa juu ya kabati kungoja siku tutakayopika wali.

Siku hiyo haikuja. Mwani tunaolima ulishuka bei, mchele ukapanda. Tuliozoea kununua kwa pishi tukashuka kwenye kibaba, na kibaba chenyewe tukakifanya uji wapate wanangu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba kitajaza matumbo mangapi. Wakubwa tulikula makopa, muhogo wa kukausha, kwa chumvi.

"Mpelekee hata muhogo," nilimwambia mama.

"Wali wa nazi nimrudishie makopa? Sina haya miye?"

Tangu hapo akawa anamkwepa shoga yake. Akimwona kwa mbali, anageuza njia. Yule bibi akibisha hodi, mama anaingia chumbani, mimi natoka kusema hayupo. Nilisema uongo huo kwa uso mkavu, nikijiona namsitiri mama.

Siku moja bibi alinishika mkono njiani.

"Mwanangu, mamako nimemkosa n'ni?"

"Hujamkosa kitu, bi mkubwa. Kazi tu za mwani."

Alinitazama, kisha akaniachia. Ningeweza kumwambia kwamba tuna njaa. Sikumwambia. Kiburi cha mama nimekirithi chote, na mpaka leo najichukia kwa siku ile.

Ramadhani iliyofuata haikumkuta bibi. Aliugua siku tatu tu, tukasikia kilio. Mama aliuza kuku wake wa mwisho, akanunua mchele, akapika wali, akaujaza kwenye ile sahani mpaka ukafanya kichuguu, akaufunika kawa. Tukaenda msibani. Binti wa marehemu aliipokea, akafunua, akayaona maua ya buluu. Machozi yakamtoka.

"Hii mama hakuiuliza hata siku moja," alisema. "Alikuwa akikuulizeni nyinyi tu."

Tulirudi nyumbani. Mama alikaa kitandani na buibui lake mwilini, akitazama juu ya kabati pale sahani ilipokuwa. Watoto walikuja kuuliza chakula, nikawafukuza.

"Heri ningalimpelekea hivyo hivyo tupu," mama alisema.