Farasi Ambaye Tonton Siven Hakumgusa

“Tonton, mbona wewe hupigi kelele?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimesimama juu ya kreti la soda katikati ya uwanja wa mbio za farasi wa Champ de Mars, siku ya Kombe la Maiden, watu wote wanaotuzunguka wamepagawa. Hakunijibu. Hata kichwa hakukigeuza. Na ili mtu aelewe swali la mtoto lilimchoma wapi mtu mzima, inabidi nianze nyuma kidogo, nianze na Tonton Siven mwenyewe, yaani mjomba wangu Siven.

Siven Mardaymootoo alikuwa fundi saa wa mtaa wa Tranquebar, mjini Port Louis, ambapo ukifungua dirisha alfajiri unasikia kwato kabla hujasikia jogoo. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Saa ikilala kwake siku tatu, ilitoka ikisema kweli. Na hilo ndilo lililofanya farasi wa dau wamtese kuliko walivyowatesa wachezaji wenzake. Wengine walibahatisha tu. Yeye alipima.

Kila alfajiri ya msimu, kabla ya kufungua duka, alikuwa ameegemea uzio na saa ya kupimia mbio mkononi, saa ya zamani aliyoiokota ikiwa mfu akaifufua mwenyewe. Farasi wakipita mazoezini, kidole kinabonya, penseli inaandika. Alijua nani anakula vibaya, nani anaogopa kivuli chake, nani anapanguswa jasho mno kwa mbio ndogo. Farasi aliowachagua walikuwa farasi wazuri, wala hakuna aliyebisha. Wangekuwa vimeo angeacha zamani, akapumzika.

Tatizo ni kwamba walikuwa wa pili.

Walikuwa wa pili kwa kichwa, wa pili kwa pua, wa pili kwa mdomo wa chini. Mmoja aliongoza mpaka zikabaki hatua kumi, tandiko likateleza, mpandaji akamaliza mbio akiwa amening’inia ubavuni kama gunia. Mwingine alishinda, tena kweupe. Siven akanunulia mtaa mzima gato pima, zile bajia kali za dengu, na watu wakiwa bado wanajilamba vidole kipaza sauti kikatangaza kwamba mpandaji amepimwa na uzito haukutimia, ushindi umefutwa. Gato zilikuwa zimeshaliwa.

“Tonton Siven,” mkewe Prema alimwambia usiku huo, akimwita kama tulivyomwita sisi watoto, kwa kumkejeli, “hata ukienda kuwatazama konokono, wako atajikwaa.”

Ijumaa jioni wanaume wa mtaa walikusanyika kwenye baiskeli ya Swaley, muuza dholl puri, zile chapati laini za dengu, kupanga mambo ya Jumamosi. Siven akifika, nafasi inafunguliwa, mtu anamshikia sahani, na swali linakuja kwa adabu: “Siven, kaka, kesho unamchezea nani?” Naye anaeleza. Anatoa daftari, anasoma dakika na sekunde, wanamsikiliza kimya hadi mwisho. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichomfuta machozi. Pesa zinakwenda, sawa, lakini jamani, si wanamsikiliza?

Ijumaa moja alisahau mwavuli. Aliporudi kuuchukua, wenzake walikuwa wamempa mgongo, wameinamia gazeti la mbio.

“Haya,” Swaley alikuwa anasema, “Siven kamchukua namba nne. Mfuteni namba nne. Wamebaki saba.”

“Namba nne maskini,” mwingine akadakia, “alikuwa na mke na watoto.”

Wakacheka. Na mkono ulioshika penseli, uliochora mstari juu ya namba nne bila kusita, ulikuwa wa Ti-Roland, mnyoosha bodi za magari, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walimwita Ti-Roland, yaani Roland mdogo, ingawa milangoni alipita kwa ubavu.

Siven aliuacha mwavuli palepale. Akarudi nyumbani na mvua yake.

Namba nne alikuwa wa pili.

Angekasirika, pengine yangeisha. Yeye alifanya baya zaidi: alianza kuwaamini. Mtu wa kupima, sasa akaanza kujipima mwenyewe. Jumamosi moja alicheza farasi asiyempenda, akawa wa pili. Jumamosi nyingine alicheza halafu akageukia ukuta mbio nzima asimtie jicho farasi wa watu. Wa pili. Akiwa dukani, lenzi jichoni, koleo mkononi, alijikuta akiwaza kama kuna kitu ndani yake, kama kutu, kinachoingia kwenye kila anachokitakia mema. Jina la Nuksi lilikuwa limeshafika mtaani. Watoto wa shule walilitamka kwa heshima kabisa: “Shikamoo, Tonton Nuksi.”

Ndipo akaja Isibindi.

Alishuka kutoka Afrika Kusini mwezi wa nne, farasi mwekundu mwenye soksi moja nyeupe, na jina lake la Kizulu hakuna aliyelitamka sawasawa. Wiki ya kwanza Siven alidhani saa yake imeharibika. Akaifungua, akaisafisha, akaipima na nyingine tatu. Ilikuwa nzima. Farasi ndiye aliyekuwa na kasi hiyo. Miezi minne alimfuata alfajiri kwa alfajiri. Alimwona anavyobadili mguu kabla ya kona, mwenyewe, bila kuambiwa, kama mtu anayehamisha mzigo begani. Kuna asubuhi mchunga farasi alimsogeza karibu na uzio, Siven akamgusa pua. Ilikuwa na joto, yenye umande. Prema alisema siku hiyo mumewe alikunywa chai akitabasamu na ukuta.

Lakini siri ya Champ de Mars hudumu mpaka saa mbili asubuhi. Kufika Agosti mtaa mzima ulikuwa na Isibindi. Swaley, mafundi wa gereji, akina mama wa sokoni, wote walikuwa wamechanga fungu moja la kumchezea Kombe la Maiden, mbio kuu ya mwaka, ambayo hukimbiwa Jumapili, na mwenye kuchanga zaidi alikuwa Ti-Roland, aliyeuza mtungi wake wa gesi ya kuchomelea.

Alhamisi kabla ya mbio, walikuja nyumbani kwa Siven watu watano, wamevaa mashati ya kutembelea wagonjwa. Wakaleta keki. Wakakaa. Wakasifu mapazia.

“Semeni,” Prema akasema, “mapazia hayo yana miaka kumi na moja.”

Roland akakohoa. “Siven, ndugu yangu. Jumapili. Yule farasi.”

“Atashinda,” Siven akasema, macho yakamwaka. “Nina namba zake zote hapa, subiri nilete...”

“Tunajua atashinda. Ndiyo tumekuja.” Roland alikuwa anakunja kofia yake kama mtu anayekamua nguo. “Usimguse.”

Siven, aliyekuwa ameshainuka nusu kufuata daftari, akakaa tena.

“Cheza yeyote,” Swaley akaingilia haraka. “Wako tisa wengine. Cheza hata wawili!”

“Mimi ndiye niliyemwona kwanza,” Siven akasema taratibu. “Nimempima miezi minne.”

“Na tunakushukuru, kaka. Mungu akupe maisha. Lakini usimguse.”

Prema aliweka sinia chini kwa kishindo. “Watu wazima na ndevu zenu! Mnakuja nyumbani kwa mtu kumwambia yeye ni ugonjwa?”

“Shemeji, hatujasema ugonjwa...”

“Mmesema nini basi? Mafua?”

Siven alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anamtazama Roland peke yake, na Roland anatazama kofia. Kisha akainuka, akaenda kwenye kona yenye picha ya mungu Murugan, akaweka kipande cha kafuri kwenye kisahani cha shaba, akakiwasha. Kwa Watamil wa pale, ukishaapa ukaizima kafuri kwa kiganja chako, hakuna mahakama inayokuuliza zaidi. Moto mdogo mweupe ukasimama.

“Sitamchezea Isibindi,” akasema. “Wala kwa mkono wangu, wala kwa mkono wa mtu.” Akaufunika moto kwa kiganja.

Roland alimkumbatia huku analia kidogo. Keki ikakatwa. Walipoondoka, Siven alikaa na kiganja wazi magotini, na hapo ndipo hesabu yake mwenyewe ilipomrudia. Isibindi akishinda bila yeye, basi mtaa umesema kweli: miaka yote kumi na tisa ya kucheza, kutu ilikuwa ndani yake. Na Isibindi, alivyompima, hakuwa na namna ya kushindwa.

Jumapili familia yote tuliteremka uwanjani, kama kila mtu. Siven alivaa shati lake jeupe. Hakukaribia kibanda chochote cha dau. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale bila tiketi, na mikono haikujua ikae wapi. Iliingia mifukoni, ikatoka, ikanunua karanga za kuchemsha, ikaingia tena.

Lango likafunguka. Mzunguko wa kwanza Isibindi alitulia wa nne, kama Siven alivyojua atatulia. Mzunguko wa pili akaanza kupanda. Akawa wa tatu. Wa pili. Kwenye kona ya mwisho alibadili mguu, mzigo ukahama bega, akatoka mbele peke yake, farasi wawili wazima wangetosha kulala kati yake na waliomfuata. Uwanja ukapasuka. Prema aliyechukia kamari alikuwa anaruka. Swaley alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Siven alisimama wima, midomo imebana, na hapo ndipo nilipouliza lile swali langu.

Zikabaki hatua hamsini. Isibindi akaanza kulalia ndani, kuelekea uzio, kidogo tu, kama mtu mwenye usingizi. Mpandaji akamvuta, mwendo ukakatika. Kutoka nje akaja farasi wa kijivu ambaye hakuna aliyekuwa amemfuta wala kumwandika, na mstarini akapita kwa kichwa.

Wa pili.

Nilidhani watu wakiwa wengi vile hawawezi kunyamaza wote pamoja. Wanaweza.

Ti-Roland alikuja akikata watu kama mashua nzito. Hakupiga kelele. “Itoe,” akasema.

“Nini?”

“Tiketi, Siven. Itoe.”

“Sina tiketi.”

Roland akaingiza mkono mwenyewe kwenye mfuko wa shati la rafiki yake. Leso. Mfuko wa suruali: maganda ya karanga, saa ya kupimia mbio. Mfuko wa nyuma: funguo za duka.

“Umeitupa.”

“Niliapa mbele yako. Kafuri, Roland. Kwa kiganja hiki.”

“Ndiyo maana nashangaa.” Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. “Mimi nilikuwa nakutazama wewe, sikutazama farasi. Alipokuwa mbele, uwanja mzima unapiga kelele, hata mkeo. Wewe kimya, kama mtu mwenye la kuficha. Kama hukucheza, nini kilikuziba mdomo?”

Siven alifungua mdomo. Nilimwona. Jibu lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akaufunga.

“Basi,” Roland akasema, akaenda zake.

Na mtu ataonyeshaje tiketi ambayo hakuikata? Tonton Siven alihangaika na swali hilo kama fundi na saa isiyo na kasoro ila haitembei. Alimtuma Swaley, alimtuma padri wa akina Roland, alikwenda gereji mwenyewe mara mbili, na mara mbili nyundo ilianza kugonga bati alipotaka kusema. Roland alihamia Beau Bassin kwa mwanawe. Saa yake ya ukutani, iliyokuwa kwa Siven ikisubiri springi, hakuirudia.

Ijumaa kwenye baiskeli ya Swaley nafasi haikufunguliwa tena. Hakuna aliyemuuliza anamchezea nani. Walikuwa wamemfuta yeye.

Lakini lililomvunja lilitokea nyumbani. Jumatatu ile baada ya Maiden alimkuta Prema uani anafua, suruali ya Jumapili imegeuzwa ndani nje. Hakuwa anasugua. Alikuwa anapitisha vidole kwenye pindo, taratibu, kipande kwa kipande, na kwenye mshono wa kiuno, akitafuta. Alipoona kivuli cha mumewe akaitumbukiza kwenye maji. Mpaka leo hawajalizungumza hilo.

Jumamosi iliyofuata Siven alirudi kucheza. Kwa nini asirudi? Hakubaki mtu wa kumwamini kwamba hakucheza. Alfajiri haendi tena kwenye uzio, hapimi. Anasoma jina gazetini, analipa, anachana tiketi, anarudi. Nilimuuliza mama yangu, ambaye ni dada yake, kama Tonton bado anatumaini kushinda. Mama akasema hapana, anakwenda tu, kama mtu anayekwenda kuzuru kaburi.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tano, nilimpelekea saa yangu ibadilishwe betri. Miaka saba imepita. Duka ni lilelile, wateja wamepungua, simu zimewala mafundi saa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, yeye lenzi jichoni. Nje farasi walikuwa wanarudishwa mazizini, kwato juu ya lami, wala hakuinua kichwa. Sikumuuliza lolote. Alianza mwenyewe, akiwa ameinamia saa yangu.

“Siku ile uliniuliza mbona sipigi kelele.”

“Ndiyo, Tonton.”

Alikaza skrubu moja, akaipuliza vumbi.

“Nilikuwa naomba ashindwe,” akasema. “Miaka ishirini na sita nimewaomba farasi, akanisikia huyo mmoja tu.”