Siku Breka Haikukata

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko siku zote nilizopewa, na sitaki twende Hombolo kukuombea mke kabla sijakusimulia. Umekua ukijua kwamba mama yako alikufa kwa umeme. Na kwa kuwa mimi baba yako ni fundi umeme, watu wamekuonea huruma wakaona vibaya kukueleza zaidi. Yaliyobaki nimeyanyamazia mwenyewe, na nimechoka.

Bibi yako wa Chamwino, mama yake mama yako, alikuwa akipikia harusi na mikutano. Mwaka ule alinunua mashine ya kuoshea vyombo kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Majirani walikuja kuitazama. Bibi yako akaifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, akawa anacheka kwamba sasa na kucha zake zitapumzika. Wiki haikuisha, mashine ikaanza vituko. Ikiwashwa inavuta maji vizuri, inanguruma, halafu breka iliyokuwa ukutani barazani inalia tak! Soketi ya jikoni imekufa. Wakiipandisha inakubali kidogo, kisha tak tena.

Nikaitwa. Sasa elewa kwamba nilikuwa mkwe bado mgeni, wewe hata kutembea hujaanza. Katika ukoo ule mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Ukivunja mwiko huo unatozwa mbuzi, na aibu juu yake. Kwa hiyo mimi fundi mzima niliipima mashine nikiwa nimekaa barazani, mama yako akiwa ndiye macho na mikono yangu. Nikamwambia aichomoe, achomeke jokofu. Jokofu likafanya kazi na breka ikatulia, basi soketi haikuwa na ubaya. Nikamwambia arudishe mashine. Ikavuta maji, ikazungusha, ilipofika pa kuyachemsha tu, tak! Nikajua ni hita. Maji ya visima vyetu unayajua, chumvi yake unaiona inavyoganda kwenye birika. Chumvi hiyo ilikuwa imeila hita mpaka umeme ukawa unavujia kwenye bati la mashine. Waya wa ethi ulikuwa unaupeleka umeme huo ardhini, na breka ilikuwa inakata ili kuwaokoa waliomo jikoni.

"Mwambie mama asiiguse kabisa," nilimwambia mama yako, "mpaka nipate hita nyingine."

Mama yako alikuwa mpole, na kwa mama yake alizidi. Neno langu lilifika jikoni limeshapozwa. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mama, mwenzangu anaomba, kama itawezekana, ipumzike kidogo." Simlaumu hata leo. Nani anampelekea mama yake amri?

Jumamosi kulikuwa na harusi, na sahani zilirudi milima kwa milima. Mjomba wako Daudi, aliyewahi kufunga taa mbili tatu akajiona fundi, alifungua plagi ya mashine akaukata waya wa ethi. Breka ikatulia. Jikoni wakapiga vigelegele kwamba mashine imepona. Mimi nilikuwa barazani na wazee, nikadhani wanashangilia bibi harusi.

Kisha nikaisikia mashine inavuta maji. Ikanguruma. Nikawa naisubiri ile tak, maana fundi akishausikia ugonjwa haachi kuusikiliza. Ikafika pale pa kuchemsha, ikapita. Breka kimya.

Mwanangu, nikajua waya wa ethi umekatwa na umeme wote umebaki kwenye bati. Hita haijitibu. Niliinuka mbio mpaka mlango wa jikoni, nikamwona mama yako, pekupeku, sakafu imelowa, amebeba sahani anaiendea mashine. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa palepale mlangoni, kanga imemshuka mabegani kwa joto. Nikasimama kizingitini. Nikageuza uso pembeni, nikaita kwa adabu zote: "Daudi! Jamani, niitieni Daudi!"

Nilikuwa bado nimegeukia nje niliposikia sahani zinavunjika.

Nilivyoingia baada ya hapo, nilivyong'oa plagi, nilivyombeba, hayo hayana faida kwako. Hayakuwa na faida kwake pia.

Matanga yalipoanuliwa bibi yako aliniita. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake.

"Mkwe, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Sasa pale mlangoni ulikuwa unangoja nini?"

Nikainamisha macho. Akasema, "Ungeingia tu, baba. Ningekupigia kelele, ningekutoza mbuzi, tungemchinja, na mwanangu angemla pamoja na sisi."

Hakunitukana. Angenitukana labda ningepata nafuu. Mpaka leo nikipita mnadani nikawaona mbuzi wamefungwa, nageuza njia. Watu wanasema muda unaponya, nami nausubiri, sijaona.

Basi nikuusie, ingawa wosia huu haumrudishi mtu. Kitu kikikukatia umeme usikimbilie kukinyamazisha, kiulize kinaogopa nini. Na hata mke wako akirudia jambo lilelile mpaka likuchoshe, usitafute waya wa kukata ili nyumba itulie. Ukiijua hatari, usimtume mtu akusemee. Iseme mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa maneno makali yanayostahili. Wakwe zako waheshimu, wapishe njia, wainamishie macho, hayo ndiyo malezi yetu na sikuoni ukiyaacha. Lakini heshima ni ya watu walio hai, na nia yake ni waendelee kuwa hai.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watu. Akupe mama mkwe mkali, mwenye afya, wa kukugombeza mpaka uzeeni kwako. Akuepushe na mlango kama ule. Na ukikutana nao, mwanangu, usisimame kizingitini. Ingia. Mbuzi nitamlipa mimi.