Matambara ya Mikinduri

Walioniita kichaa wa matambara ndio leo wananiuzia hayo matambara. Zamani wauza mitumba wa Mikinduri walitupa nguo zilizochakaa nyuma ya soko, nami niliziokota bure. Kisha kiwanda kimoja cha Karurumo kikaanza kununua: pamba ya kujazia magodoro, na mabaki ya kubana kuwa makaa ya kukaushia majani chai. Takataka ikapata bei. Ikapata na mwenyewe: Rwamba, ndugu wa marehemu mume wangu. Mimi sijui kusoma. Niliweka kidole gumba aliponionyesha, mkataba wa kiwanda ukawa wake, kibanda changu kikawa chake. Nikabaki kukata zipu na vifungo kwa ujira wa siku.

Asubuhi moja lori la kiwanda lilikuwa limeshafika niliposhika gunia nikalikuta baridi. Jana yake nililifunga likiwa kavu.

"Shemeji, umeyatia maji?"

"Nimeyapa uzito," akasema chinichini. "Kiwanda kinanunua kwa kilo. Funga mdomo kama unavyofunga magunia, la sivyo tafuta kazi kwingine."

Tambara lenye maji huvunda, wala haliwaki. Karurumo wakigundua wangeacha kununua kwetu, nami ningekosa hata hicho kibarua. Nikisema, Rwamba angenifukuza. Caroline, mnunuzi wa kiwanda, alikuwa ameshatundika mzani.

"Mama Kaari, mbona hulileti?"

Nikachukua kisu changu, nikalipasua. Maji yakachirizika mpaka kwenye viatu vya Caroline.

"Mimi sibebi maji mpaka Karurumo," akasema.

Rwamba akaruka. "Ni huyu! Magunia yote anafunga yeye. Anataka kunimaliza, madam!"

Ni kweli nilifunga mimi. Watu wakanigeukia. Caroline akazamisha mkono ndani ya gunia, akavuta jani la mgomba, bichi, limekunjwa vizuri. Rwamba ameuza miraa tangu ujana, na miraa hunyunyiziwa maji ikafungwa kwa majani ya mgomba isinyauke. Kitu akikinyunyizia maji, mikono yake hukifunga kwa majani bila kumwuliza.

"Rwamba!" akapaza sauti Igoki, muuza mitumba. "Hizo suruali zinakwenda uwanja wa ndege kama miraa?"

Soko likaangua kicheko. Rwamba hakucheka.

"Toka kibandani kwangu," akaniambia.

Caroline akashusha mzani. "Na mkataba wako umekwisha. Alhamisi nitapima mzigo wa yeyote mwenye matambara makavu."

Kuhusu miaka yangu ya kibarua hakusema neno, wala sikutarajia.

Nikatandika turubai kando ya barabara, juani. Igoki akaleta furushi lake, akalikalia.

"Bei ni ileile aliyonilipa Rwamba, Mama Kaari. Na usiniambie habari za ujirani."

"Hata kidogo hupunguzi?"

"Kwani wewe utampunguzia Caroline?"

Nikapiga hesabu kichwani. Ingebaki pesa ya unga tu, na mvua ikinyesha kabla ya Alhamisi, hata hiyo hakuna. Ng'ambo ya barabara Rwamba alisimama mlangoni, akingoja nishindwe.

"Fungua," nikamwambia Igoki. "Nipapase kwanza."