Siku Jua Lilipopatwa Tukiwa Kwenye Feri

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Mnarani, Bibi alitufundisha kwamba jua likipatwa mjamzito hatoki nje. Kivuli kikimwangukia, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka. Basi mapema mwaka wa themanini, redio ilipotangaza kwamba Jumamosi hiyo jua lingefunikwa lote mchana kweupe, Bibi aliziba madirisha kwa magunia na kumweka Mama chumbani. Mama alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Wanaume walikwenda msikitini kuswali sala ya kupatwa kwa jua, baba yangu akiwamo. Hawajarudi, uchungu ukamshika Mama. Bibi akanituma mbio kwa Sista Kadzo, nesi aliyekaa nyumba ya tatu.

Nilikwenda na wasiwasi. Kadzo alikuwa Mkristo, na Wakristo nilidhani nawajua, kwa kuwa nilimjua Bwana Yeri, mwenye pikapu ya kubebea nazi. Wiki nzima Bwana Yeri alikuwa akihubiri dukani kwamba jua likizimika Yesu anarudi, na kwamba wanaopigia hesabu nyota wanashindana na Mungu. Sisi watoto tukakata shauri: Wakristo ndivyo walivyo, elimu hawaitaki.

Nilimkuta Sista Kadzo uani, ameshika kadibodi iliyotobolewa tundu dogo kwa sindano. Kwenye karatasi chini yake kulikuwa na kiduara cha mwanga kilichomegwa pembeni, kama biskuti iliyong'atwa.

"Mama anajifungua!" nikapiga kelele. Hata shikamoo sikukumbuka.

Alitupa kadibodi, tukakimbia. Alipompapasa Mama tumbo, uso ulimbadilika. "Mtoto amekingama tumboni. Lazima avushwe kwa feri hadi hospitali ya Kilifi, sasa hivi."

Bibi akasimama mlangoni. "Hatoki mtu hapa. Kivuli hicho!"

"Mama yangu, kivuli hakimdhuru mtoto. Ni mwezi tu unapita mbele ya jua, na Mungu ndiye aliyeupangia njia. Kitakachomdhuru ni kuchelewa."

"Si nyinyi mnaosema dunia inakwisha leo?"

"Asemaye hivyo ni Yeri. Mimi nasema mtoto atakufa."

Bibi akavua kanga yake, akamfunika Mama kichwa, akatupisha.

Bwana Yeri alikuwa ndani ya pikapu yake mbele ya duka, shati jeupe, Biblia mapajani, akimngoja Yesu. Sista alipomweleza, alitazama mbinguni, ambako mwanga ulikuwa umeshaanza kufifia. Nilijua atakataa.

"Bwana akija," akasema akiwasha gari, "na anikute njiani."

Tulikuwa katikati ya maji, kwenye feri, giza lilipotuangukia. Si pole pole; ghafla, kama mtu kazima taa. Upepo ukapoa. Kunguru wakarudi mikokoni wakipiga makelele, na nyota ikatokea juu ya Kilifi. Watu walilia. Bwana Yeri alipiga magoti akiomba kwa sauti. Sista Kadzo, mkono mmoja juu ya tumbo la Mama, alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka: "Ewe Mungu, kumbe ni vizuri hivi!" Nami nikaruka ruka kwa furaha isiyo na adabu, Mama akiugulia hapo hapo. Tonge la moto likachomoza ukingoni mwa jua, na jogoo wakawika ng'ambo.

Mama alipasuliwa, na mdogo wangu akatoka salama. Bibi alipofika jioni akapewa kumshika, kitu cha kwanza alipitisha kidole mdomoni mwake. "Mzima," akanong'ona.

Nje kwenye benchi, Bwana Yeri na Sista Kadzo walikuwa wanabishana. Bwana Yeri akishikilia kwamba lile lilikuwa onyo. Sista akimchorea mwezi na jua mchangani kwa kijiti. Hakuna aliyemshinda mwenziwe, na Jumapili iliyofuata wote wawili walikwenda kanisa lile lile.

Nimesikia mengi tangu hapo kuhusu Wakristo na sayansi, mengine kwa watu waliosoma sana. Huwa nawasikiliza tu. Mimi nilimjua Mkristo mmoja nikadhani nimewajua wote. Kumbe hata huyo mmoja, mpaka alipowasha gari, sikuwa nimemjua.