Salamu Niliyomnyang'anya Jirani

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizopanda jukwaani. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi Kariobangi katika ploti ya vyumba kumi, na mchana nilipaka rangi mageti katika karakana ya jua kali. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mwigizaji. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa hapa. Nitakueleza nilichofanya, basi.

Chumba changu kilipakana na cha Mzee Wekesa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mpole, na mkewe Nasimiyu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijahamia pale. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao na haukufika paa, kama ilivyo katika ploti nyingi. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kitandani. Kila jioni Mzee Wekesa akirudi kazini nilimsikia akifungua kufuli, mlango ukilia, kisha sauti yake, taratibu: "Nasimiyu, nimeshafika." Halafu alikohoa kidogo, kama mtu aliyesimama akingoja ajibiwe, na ndipo alipowasha stovu. Akili zake zilikuwa timamu. Alijua vizuri kwamba mkewe alizikwa. Alikuwa tu hajaweza kuingia katika chumba kile bila kumsalimu.

Kikundi chetu kilifanya mazoezi katika ukumbi wa jamii, na mwaka huo tulikuwa na mchezo wa kuchekesha kuhusu mpangaji mzee anayekataa kuhama. Nilipewa niwe mzee huyo. Kwa majuma mawili nikawa naegemea fimbo na kuinamisha mgongo. Mwelekezi wetu, Madam Wairimu, hakuridhika.

"Wewe unaigiza fimbo," aliniambia mbele ya wenzangu. "Mzee yuko wapi? Mimi namwona kijana anayeumwa na mgongo."

Walicheka sana. Nilirudi nyumbani na aibu, nikajilaza, na upande wa pili jirani akafungua kufuli lake.

Kesho yake nilimpeleka Mzee Wekesa mzima mzima ukumbini: hatua zake, alivyovua kofia kabla ya kuingia, kikohozi, na salamu ile. Jina la mke tu ndilo nililobadilisha, nikamwita Nafula. Madam akauliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikajibu, "Nimeibuni." Uongo huo ulinitoka bila shida.

Sasa sikiliza ujinga wa ujana. Siku ya onyesho nilimwalika Mzee Wekesa mwenyewe. Nilimpenda, na nilitaka jirani yangu anione nikipigiwa makofi. Wala sikufikiri kwamba atajitambua, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuiona salamu ile kuwa yangu. Alikuja na koti lake la kanisani, akakaa mstari wa pili.

Nilipovua kofia, nikasema, "Nafula, nimeshafika," nikakohoa nikingoja jibu, ukumbi mzima uliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ingia tu mzee, ameenda kwa jirani!" Wakacheka zaidi. Nami, Mungu anisamehe, nikarudia. Haikuwa imeandikwa hivyo. Nilitoka nje, nikaingia upya, nikasalimu mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimeonja kicheko kile na nilikitaka tena. Ndipo nikamwona. Alikuwa ameshika kofia yake mapajani kwa mikono miwili, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Nje ya ukumbi wenzangu walininyanyua mabegani. "Msee, umewamaliza!" Na alikuwapo bwana mmoja wa filamu aliyekuja kutafuta sura mpya, akaniambia nimtafute Jumatatu. Mzee Wekesa alingoja mpaka watu wakapungua, akanipa mkono.

"Umecheza vizuri, kijana wangu," akasema. "Mwendo wangu umeupata. Kikohozi pia. Hayo chukua. Lakini lile la mlangoni ungeniuliza."

Nilitafuta la kusema, nikapata hili: "Mzee, ni mchezo tu."

"Naam," akajibu. "Nimeona."

Jioni iliyofuata nilikuwa kitandani nilipomsikia akifungua kufuli. Mlango ukalia. Nikangoja. Hakusema kitu. Akawasha stovu. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Sikuwahi kuisikia tena salamu ile, na baada ya miezi michache Mzee Wekesa alihamia Donholm kwa binti yake, Naliaka.

Ungedhani hapo nilikoma. Sikukoma. Bwana wa filamu alinipa nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa ya mzee yule yule, kwa kuwa ndiye aliyemwona ukumbini. Mbele ya kamera niliisema salamu mara tisa, maana kila mara palikuwa na kasoro: mara taa imezimika, mara ndege inapita juu. Nilijua ni salamu ya nani. Niliisema mara zote tisa. Filamu hiyo ndiyo iliyonifungulia njia. Tangu hapo nimekuwa padri, chifu, jambazi na baba wa watu wengi, na mtaani huitwa kwa majina yasiyo yangu. Sitakudanganya kwamba kazi hii ni mbaya. Imenilisha, imenipa heshima, na ningeambiwa nichague upya ningeichagua. Lakini naujua mlango nilioingilia.

Kwenda Donholm kulinichukua miaka mingi. Aibu ilikuwa inakua badala ya kupungua. Nilikwenda mwaka jana, niliposikia Mzee anaumwa. Naliaka alinikaribisha, akatuletea chai, akatuacha. Nikasema yote: kwamba nilikuwa nikimsikia kila jioni, kwamba nilichukua bila kuuliza, kwamba hata baada ya kuambiwa nilirudia mbele ya kamera. Nikaomba msamaha.

Alisogeza kikombe changu karibu nami.

"Sikukukasirikia sana," akasema. "Ulikuwa mtoto. Ila nikwambie kitu. Nilijaribu kuisema tena, hata huku kwa Naliaka. Kila nikiisema, nasikia sauti yako wewe. Na kile kicheko. Nikaona afadhali niache."

Nikamuuliza kama kuna ninachoweza kufanya.

"Hakuna," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Alifariki mwezi uliopita. Kwenye matanga nilikaa nyuma, nikaitikia nyimbo pamoja na wengine. Msichana mmoja wa ukoo wao akanitambua.

"Anko, si wewe ndiye yule buda, yule mzee wa ile filamu? Haki tutolee kidogo ile ya mlangoni, watu wachangamke!"

Watu wakageuka. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wakihitaji kupumzika kulia. Naliaka alisimama pale pale alipokuwa, sinia la vikombe mkononi, akinitazama.

"Hapana, binti yangu," nikasema. "Ile si yangu."

"Kwani ni ya nani?"

"Ni ya marehemu."

Msichana hakuelewa, akadhani nimechoka, akaniacha. Naliaka aliweka sinia chini, akaja kukaa kando yangu.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu siku hizi ukumbi uko mfukoni mwako. Unamwona mama mboga anayejisemea peke yake, unamwona mlevi anayelilia mtoto wake langoni, unawaigiza kwenye simu, na kabla hujafika nyumbani watu usiowajua wamecheka. Sikukatazi kuigiza. Mwigizaji huchukua kwa watu, hana pengine pa kuchukua. Lakini kile ambacho mtu hukifanya akidhani yuko peke yake, usikiguse kabla hujamuuliza. Nenda kwake, umwambie usoni unachotaka kufanya. Ukiona unashindwa kumwambia, hilo ndilo jibu, kiache. Na ukiwa umeshakosea, nenda siku hiyo hiyo. Mimi nilisamehewa, naamini hivyo, lakini msamaha haukumrudishia Mzee kitu chochote. Kaa ukilijua hilo kabla ya kusema kwamba ni mchezo tu.

Mungu akupe jukwaa, mwanangu, na afya ya kulisimamia. Akupe jicho la kuwaona watu na moyo wa kuwastahi. Na wale unaoishi nao wasikuogope kamwe. Amina.