Lenzi ya Baba na Uso wa Tabitha

Kamera ya Resian ilikuwa mpya, lakini lenzi ilikuwa ya baba yake, Gideon: chuma kitupu, nzito kama jiwe la mizani. Kwa miaka arobaini Gideon alizunguka nayo Kajiado nzima akipiga picha za harusi za watu. Mke wake mwenyewe hakumpiga hata moja. Ilikuwa kesho, kesho, mpaka mama akazikwa.

Resian alikuwa na studio ya picha za pasipoti pale Kitengela. Kila mwisho wa mwezi aliifunga akasafiri na lenzi yake: mara mashamba ya vitunguu Kimana, mara wafugaji wa kuku Isinya. Mugure, mwenye studio ya jirani, alimcheka wazi.

"Dada, kamera za siku hizi zinatafuta macho ya mtu zenyewe, na wewe unazungusha pete kwa mkono kama unafungua mtungi wa gesi!"

"Hizo lenzi zenu zinatoa watu kama maiti waliooshwa," Resian akamjibu.

Lakini uso aliokuwa akiutaka hasa ulikuwa mmoja: wa Tabitha, dada mdogo wa mama, wa mwisho aliyebaki. Ukimwona Tabitha umemwona marehemu, paji la uso lile lile, pengo la meno lile lile. Naye miaka yote alikataa kupigwa picha. Juma moja akatuma ujumbe: "Njoo Jumamosi. Nitavaa shanga. Ni mara moja tu, usinisumbue tena."

Resian akafika Ewuaso Kedong saa nne, jua limeshakuwa kali. Tabitha alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, shanga zimejaa kifuani. Resian akapiga mbio moja kwa moja kwenye kazi, hata salamu asitoe. Akafunga lenzi kwa pete ya kuunganishia, akawasha kamera. Kamera ikaandika: hakuna lenzi.

Kuna mahali ndani ya kamera pa kuiamuru ipige hivyo hivyo hata isipoitambua lenzi ya zamani, na alishapaweka sawa zamani. Lakini betri ilikuwa imekufa kabisa safari ile ya Kimana, kamera ikasahau kila kitu.

"Inasemaje?" Tabitha akauliza.

"Inasema haina jicho, yeyo," Resian akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Mwongo huyo. Hata mimi sioni vizuri, lakini najua niko nayo mawili."

Resian akahangaika mpaka akapapata mahali pale. Sasa jua likameza kioo cha nyuma ya kamera, ikabidi ainame na kujifunika shuka ili aone anacholenga. Mzee Meitamei, jirani, akapita, akaona kichwa kimeinama. Kwa Wamaasai kichwa cha mtoto kikiinama mkubwa hukigusa kwa salamu, na mbele ya rika la baba yako wewe ni mtoto hata ukiwa na wajukuu. Akakiwekea mkono, akamsalimu kwa kumwita mtoto.

"Takwenya, nakerai."

"Iko," Resian akaitikia, meno yameumana. Pete ya lenzi ilikuwa imeteleza, picha ikarudi ukungu.

Akaanza upya. Akapata nyusi, akazipoteza. Akaja Soipan, mke wa Meitamei, akamwekea mkono kichwani.

"Takwenya."

"Iko!"

"Mbona unaitikia kama umekanyagwa?"

"Niko kazini, mama!"

Tabitha akahema. "Resian, shingo inaniuma. Baba yako alikuwa anapiga mara moja, watu wanaenda kula."

Hatimaye kope za Tabitha zikatokea wazi, moja moja. Resian akashika pumzi, akainama kidogo zaidi, akabonyeza. Papo hapo Tabitha akaegemea mbele na kumwekea kiganja kichwani.

"Takwenya, nakerai. Umefika tangu saa nne, ndiyo sasa unaniletea kichwa."

Resian akatazama picha. Kiganja ukungu, uso ukungu mtupu. Kilichotoka vizuri ni shuka ya mgongoni mwa Tabitha, ungeweza kuhesabu nyuzi.

Alipoinua macho, Tabitha alikuwa ameshavua shanga za shingoni.

"Yeyo, moja tu. Nakuomba."

"Nilisema mara moja. Ingia, chai inapoa."

Resian akabaki nje, akizungusha ile pete mpaka mwisho wake, huku na huku, bila kulenga kitu. Kisha akaingia. Chai ilikuwa tamu, ya maziwa mengi, na hilo nalo likamuudhi.